Soksi ya Kushoto

Kwanza wanataka risiti.
Teksi ya kwenda hospitali, mara kumi na moja.
Vidonge. Helmeti, iliyopasuka kama yai la kuchemsha.
Bi Pritchard, wakili, anazilaza mezani moja moja
mithili ya mtu apangaye karata,
na nje ya dirisha lake Newport inanyeshewa
mvua ile isiyo na kishindo wala mwisho.

Kisha wanataka mfupa.
Daktari, si wa kutibu, ni wa kuandika,
alilikunja goti la Shekue, akalipima kwa rula yenye bawaba:
nyuzi tisini na tano. Zamani lilifika mia na thelathini.
Muundi una bamba la chuma na skrubu saba.
Kumbe kuna kitabu, na mguu umo kitabuni,
kuanzia pauni hizi hadi pauni zile,
mguu wa kuchechemea mbali,
mguu wa kuuma wakati wa baridi mbali.
"Na huku lini si wakati wa baridi?" Shekue akauliza.
Daktari hakuliandika hilo.

Kisha mshahara: ghala, zamu ya usiku, miezi minane,
toa posho aliyokwisha kulipwa.

Halafu watu wa bima wakaleta barua.
Kweli, mteja wao alirudi nyuma na gari
kutoka uchochoroni bila kugeuza shingo.
Lakini pikipiki, wanasema, ilikuwa na haraka kidogo,
na jaketi la kung'aa lilikuwa wazi kifuani.
Basi katika kuvunjika kwake
mwenyewe achangie asilimia ishirini.
Shekue akaukagua mguu juu ya mto.
"Katika skrubu saba," akasema, "moja na kitu ni yangu.
Sijui ni ipi. Niisalimie."

Shangazi yake akapiga simu kutoka Korogwe:
kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
"Mwambie koleo wameshalipigia hesabu," akasema,
"mhunzi bado."

Mwishowe wakanigeukia mimi.
Fomu ya buluu, safu mbili: Kazi. Muda.
Kumwosha: dakika arobaini.
Kumpandisha ngazi: dakika kumi na mbili, mara tatu kwa siku.
Soksi ya kushoto: dakika nne.
Niliandika yanayoandikika.
Sikuandika kujifanya nimelala
zile usiku alizolia, ili apate kulia vizuri.
Sikujua niiweke safu gani.

Saa mia sita na kumi.
Bi Pritchard akachukua ujira wa mlezi wa kuajiriwa,
akazidisha, akapiga mstari,
akaondoa robo.
Nikauliza robo imekwenda wapi.
Akavua miwani. Ndiyo desturi, akasema:
wa kuajiriwa hukatwa kodi, hulipa nauli ya kuja,
wewe ulikuwa nyumbani tayari.
Ulifanya kwa mapenzi,
na mapenzi hayatozwi kodi.
Nilitaka kumwambia: yametozwa.
Nikasema asante, nikatia sahihi
pale palipobandikwa kijikaratasi cha njano.

Pesa ziliingia Jumanne moja ya Machi.
Tukalipa madeni, tukanunua hita ya kuweka karibu na goti.
Usiku nikamwona anatazama picha za pikipiki kwenye simu,
kioo amekiinamisha upande wake.
Sikusema kitu. Hilo nalo halina safu.

Asubuhi akakaa ukingoni mwa kitanda,
akanyoosha mguu kwangu, kama kawaida.
Nikamrushia soksi. Vaa mwenyewe.
Akainama, akaguna. Ikamponyoka. Akaiokota.
Nami nimesimama mlangoni na koti langu la kazi,
basi la saa moja na robo linapita,
siondoki,
nahesabu dakika.